Fataki za 4 Julai Marekani: kuuziwa dukani si ruhusa ya kuziwasha mtaani kwako

Mlimani_Columbus (mleta mada)

Wakuu wa ughaibuni, habari za mihangaiko.

Juni ikifika katikati, kuelekea sikukuu ya uhuru wa Marekani 4 Julai, mahema ya fataki yanaanza kujitokeza kando ya barabara kuu na simu zinaanza kuingia: "Kaka, huku kwetu zinaruhusiwa?" Nimeamua nifungue uzi ili tujibizane hapa hapa na wageni waliofika mwaka huu wasome. Swali langu kwa kila anayeniuliza ni moja: unakaa wapi hasa? Jina la jimbo peke yake halitoshi. Nataka kujua mji, kaunti, na kama nyumba ni yako au umepanga.

Wengi wetu tunawaza hivi: nimeingia dukani, nimeonyesha kitambulisho, nimelipa na kodi juu, risiti ninayo, basi serikali imeniruhusu. Huku haiko hivyo. Kuuza kuna sheria yake, kuwasha kuna sheria yake, na kuvusha mzigo kutoka jimbo moja kwenda jingine kuna sheria yake. Zote tatu zinaweza kupishana ndani ya safari ya dakika 20 ya gari.

Nianze na jimbo langu, Ohio, kwa sababu historia yake inaeleza jambo zima. Kwa miaka mingi duka la Ohio liliruhusiwa kukuuzia fataki kubwa kabisa, ila kabla hujatoka ulisaini karatasi kwamba utazitoa nje ya jimbo ndani ya saa 48. Watu walisaini, wakaenda kuziwasha uani kwao, na kila mtu alijua. Florida nako mnunuzi alisaini kwamba anazitaka kwa ajili ya kufukuzia ndege mashambani au kwenye mabwawa ya samaki. Jimbo zima likawa la wakulima kila Julai! Pennsylvania ndiyo ilishangaza zaidi: hadi 2017 mtu wa nje ya jimbo aliuziwa, mwenyeji akanyimwa.

Sheria hizo zimebadilika. Florida tangu 2020 inaruhusu kuwasha siku tatu tu: 4 Julai, 31 Desemba na 1 Januari. Ohio ilipitisha sheria mpya iliyoanza 1 Julai 2022, yenye orodha ya siku zinazoruhusiwa. Ni tarehe 3, 4 na 5 Julai pamoja na wikendi ya kabla na ya baada, mkesha wa mwaka mpya na mwaka mpya wenyewe, mwaka mpya wa Kichina, Cinco de Mayo (5 Mei), wikendi ya Memorial Day (mwisho wa Mei), Juneteenth (19 Juni), wikendi ya Labor Day (mwanzo wa Septemba), na Diwali, sikukuu ya Wahindu. Uwe umefikisha miaka 18, usiwe umekunywa, na usiwashe kwenye kiwanja cha mtu bila ruhusa yake.

Sasa hapa ndipo watu wanapoumia. Sheria hiyo hiyo iliipa miji haki ya kujitoa, na Columbus ilijitoa. Kwa hiyo ndugu yangu anayeishi ndani ya mipaka ya jiji hata tarehe 4 Julai yenyewe haruhusiwi kurusha kombora la fataki uani kwake, ingawa duka lipo karibu na limemuuzia kihalali. Miji midogo inayoizunguka Columbus kila mmoja umeamua lake. Ukitoka na gari kwenda kwa rafiki, unaweza kuvuka sheria tatu bila kuona bango lolote.

Tajeni majimbo yenu tujaze uzi. Na wenye maswali waulize, hakuna swali la kuchekwa hapa.

BintiPwani

Mkuu umefungua uzi kwa wakati. Mimi niko Massachusetts, na huku jibu ni fupi: hapana. Ni jimbo pekee lililopiga marufuku fataki zote za raia, hadi vile vijiti vya cheche wanavyoshika watoto kwenye keki ya kuzaliwa. Huwezi kuuza, huwezi kumiliki, huwezi kuwasha. Ni wenye leseni ya maonyesho tu.

Tatizo letu ni New Hampshire. Unavuka mpaka tu, ukifika Seabrook maduka yamejaa, na ukiwa na miaka 21 unauziwa. Maegesho yote ni namba za magari ya Massachusetts. Umenunua kihalali kabisa, ila ukivuka mpaka kurudi nyumbani tayari umevunja sheria, hata kama boksi hujalifungua. Faini ya kukutwa nazo ni kati ya dola 10 na 100, na mzigo wote unachukuliwa. Mtu atasema dola 100 ni kitu gani. Asisahau kuuza ni kesi tofauti: dola 100 hadi 1,000, au kifungo hadi mwaka mmoja. Vijana wetu wananunua kwa kuchangishana, mmoja anakwenda kuleta, wengine wanamrudishia hela. Polisi akikuta buti limejaa na simu ina meseji za "nitumie hela yako", nenda kamweleze kwamba hukuwa unauza.

Shemeji_Houston

Texas hapa. Wakuu, sisi shida yetu ni anwani. Barua zako zinaandikwa Houston, leseni yako ya gari imeandikwa Houston, lakini inawezekana kabisa huishi ndani ya jiji la Houston. Maeneo mengi yaliyojengwa nyumba mpya yako nje ya mipaka ya jiji, chini ya Harris County moja kwa moja. Ndani ya jiji fataki ni marufuku, kumiliki na kuwasha. Nje ya mipaka, kaunti inaruhusu kwa masharti. Majirani wawili waliotenganishwa na barabara wanaweza kuwa na sheria tofauti, na wote posta ni Houston.

Ndiyo maana vibanda vyote utaviona vimejipanga pale jiji linapoishia. Msimu wa kuuza ni 24 Juni hadi usiku wa 4 Julai, halafu 20 Desemba hadi usiku wa 1 Januari. Kuna misimu mingine midogo, hiyo mpaka kaunti ikubali. Mnunuzi awe na miaka 16.

Hata ukiwa nje ya jiji kuna umbali. Ndani ya futi 600 za shule, kanisa, hospitali au kituo cha kulelea watoto chenye leseni huwashi bila idhini yao ya maandishi. Futi 600 ni kama mita 183, pima kwenye ramani ya simu kabla hujamwalika mtu. Na huruhusiwi kuwasha ndani ya gari, kutoka kwenye gari, wala kurushia magari.

Jambo jingine, angalieni ukame. Nyasi zikikauka sana kaunti inaweza kuzuia roketi za vijiti na zile zenye mapezi, kwa sababu hizo hazijulikani zitatua wapi. Mwaka jana uliwasha, mwaka huu tangazo limetoka hukuliona. Ingia kwenye tovuti ya mkuu wa zimamoto wa kaunti yako wiki hiyo hiyo.

Twiga_wa_Philly

Naongeza Pennsylvania. Tangu sheria ya 2017, iliyofumuliwa tena 2022, mwenyeji wa miaka 18 anauziwa. Unalipa kodi ya mauzo asilimia 6 ya kawaida, na juu yake asilimia 12 ya fataki peke yake. Ukishatozwa kodi yote hiyo unajiona umeruhusiwa kila kitu.

Sasa soma kifungu cha umbali: huwashi ndani ya futi 150 za jengo au chombo cha usafiri. Mita 46 hivi. Wanaoijua Philadelphia wanajua nyumba zetu zimebanana ukuta kwa ukuta, magari yamepaki pande zote mbili za barabara. Nioneshe sehemu ya mtaa wangu yenye mita 46 bila nyumba na bila gari. Haipo. Sheria ya jimbo haijaandika neno Philadelphia, lakini mtu wa mjini hana pa kusimama. Uwanja wa watu nao usiingie bila ruhusa.

Kijana wa Boksi

Nawaheshimu wakuu, ila tuseme ukweli. Mtaani kwangu Wamarekani wenyewe wanapiga kuanzia Juni hadi saa nane za usiku na sijaona mtu amekamatwa. Kwa nini sisi tu ndio tuogope?

Mlimani_Columbus

Mdogo wangu, swali zuri na wengi wanalo moyoni.

Ni kweli kesi ni chache kuliko milio. Polisi akifika kila mtu kaingia ndani, na kumjua aliyewasha ni kazi. Lakini wewe na jirani yako hamko kwenye hali moja. Fomu ya kuomba uraia, N-400, inakuuliza kama umewahi kukamatwa au hata kuandikiwa tu kwa kosa, hata kama hukuhukumiwa. Jirani yako aliyezaliwa hapa hataijaza fomu hiyo maisha yake yote. Wewe utaijaza, na utakaa mbele ya ofisa ukieleza kila mstari. Huenda isikuzuie kitu, lakini utalazimika kuieleza, kutafuta karatasi za mahakama, na pengine kumlipa wakili. Usijiongezee mstari kwa ajili ya roketi ya dola 12.

Pili, soma mkataba wa nyumba. Apatimenti nyingi zinakataza kabisa, hata kama mji unaruhusu. Cheche ikitua kwenye paa la jirani, bima itauliza ulikuwa unafanya nini na kama kilikuwa halali hapo ulipo.

Kijana wa Boksi

Hapo kwenye N-400 umenifungua macho. Sikuwahi kulifikiria hilo. Asante kaka.

Mwana_Goma

Bandugu jambo yenu. Mi ni wa Goma, niko huku Portland, jimbo la Maine. Maine ilifungulia fataki tangu 1 Januari 2012, mpaka uwe na miaka 21, na roketi za vijiti hazikuruhusiwa hata hivyo. Lakini mji wa Portland wenyewe ulikataa, haiuzwi na haiwashwi. Ni kama vile mkubwa anasema kule Columbus.

Nataka kuongeza neno la bazazi yetu. Mama yangu aliishi vita mingi. Mwaka wa kwanza tulipofika hakuna mtu alitwambia kitu. Usiku ule ulipoanza, alizima taa, akavuta batoto wote kwenye korido mbali na madirisha, akawakataza kulia. Korido, kwa sababu kule kwetu ndiko risasi hazifiki. Nilimwambia ni sikukuu, hakusikia, mwili wake ulikuwa unasikia kingine. Alilala alfajiri.

Sasa kila mwaka tunamwambia siku kadhaa mbele, tunamuonesha video mchana, na usiku ule tunakaa naye sebuleni na redio juu. Kama una familia mpya imefika kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Sudani, tafadhali wapigie kabla. Hata pale sheria inaruhusu mpaka saa sita na nusu usiku, kama huku Maine siku ya 4 Julai, jirani akikuomba umalize mapema, maliza mapema.

BintiPwani

Mwana_Goma, nimesoma hii mara mbili. Nawapigia kesho wale waliofika Aprili.

Mama Neema

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Mimi ni nesi wa zamu ya usiku hospitali, siku hizo tunaongezewa watu. Nataka niseme ya mwili, sheria mmezimaliza.

Tume ya serikali ya usalama wa bidhaa ilihesabu kwa mwaka 2024 vifo 11 na majeruhi wapatao 14,700 waliotibiwa kwa sababu ya fataki nchi nzima. Viungo vinavyoumia zaidi ni mikono na vidole, kisha kichwa, uso na macho. Na wazazi wasikilize hapa: kijiti cha cheche, kile tunachompa mtoto wa miaka mitatu tukimpiga picha, kinawaka kwenye joto la nyuzi 1,100 za Selsiasi hivi. Shaba inayeyuka hapo. Kikizimika, waya unabaki na moto bila kuonekana, mtoto anautupa chini, mwenzake peku anaukanyaga. Wekeni ndoo ya maji, na kila kijiti kiingie ndoo pale pale.

Fataki iliyogoma kulipuka msiirudie kuiwasha wala kuinamia kuchungulia. Iacheni dakika 20, kisha muimwagie maji mengi kabla ya kuigusa. Wale wa mizinga ya makombora, yaani mabomba ya kurushia fataki za angani, mtu mzima anaweka bomba juu ya kichwa au kifuani ili achekeshe watu. Kila mwaka kuna anayekufa hivyo. Bomba linakaa chini, pagumu, na mwashaji anarudi nyuma mara tu utambi ukishika. Utambi umewekewa muda kisheria, sekunde 3 hadi 9, ndio muda wote ulio nao.

Na mtu akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20. Dawa ya meno hapana, asali hapana, ute wa yai hapana. Tunakuja kuvikwangua sisi, na mgonjwa anaumia upya. Jicho likipata cheche msilisugue wala kulisafisha, lifunikeni bila kulibana na mje.

Kijana wa Boksi

Mama, na hizi wanazouza vijana mtaani kwenye magari, hazina lebo, wanaziita M-80? Mlio wake unatikisa madirisha.

Mlimani_Columbus

Hizo ni haramu majimbo yote 50, haijalishi uko Texas au Boston. Sheria ya serikali kuu inaruhusu baruti ya mkononi ya raia iwe na miligramu 50 tu za unga. M-80 inaweza kubeba karibu gramu 3, yaani mara 60 hivi. Ilipigwa marufuku tangu miaka ya 1960. Hiyo si fataki, ni kilipuzi, na anayehusika nayo ni ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia silaha na vilipuzi, ATF.

Za halali boksi lake lina maandishi 1.4G, jina la mtengenezaji na maelekezo ya kuwasha. Ukiona karatasi ya kahawia tupu au fedha tupu na utambi umechomoza ubavuni, ondoka. Hata wataalamu hizi zinawashinda. Tarehe 30 Juni 2021 polisi wa Los Angeles walikusanya baruti za kujitengenezea kutoka nyumba moja, wakazilipua ndani ya chombo chao maalumu mtaani, kikapasuka: watu 17 waliumia na nyumba zikaharibika. Na mkesha wa kuingia 2025 huko Honolulu, fataki haramu za angani zililipuka kwenye sherehe ya nyumbani, watu sita wakafa, mmoja mtoto wa miaka mitatu.

Dada wa Chicago

Kwa faida ya watu wa Illinois: huku jimbo limeruhusu vidogo vidogo tu, vijiti vya cheche na vya moshi. Kinachoruka na kinacholipuka hakiruhusiwi. Indiana iko jirani, maduka yamejaa Hammond, na yaliyompata BintiPwani kwa New Hampshire ndiyo yetu. Nina ndugu Minnesota, nao ni hivyo hivyo na Wisconsin. Zinazoruhusiwa Minnesota ni zile za ardhini zisizolipuka, tangu 2002.

Swali langu: nikinunua Indiana nibebe kwenye begi nipeleke Dar kwa mwaka mpya?

Shemeji_Houston

Dada, usijaribu. Fataki haziingii ndege ya abiria, si begi la mkononi wala la chini, hata kijiti cha cheche. Posta nayo haipokei. Na huko nyumbani kila mwisho wa mwaka polisi wanatangaza kwamba lazima uwe na kibali. Peleka zawadi nyingine.

Twiga_wa_Philly

Mtu wa California asisahau: kule wana alama ya mkuu wa zimamoto wa jimbo, wanaita Safe and Sane, yaani "salama na za busara". Zenye alama hiyo zinauzwa kuanzia saa sita mchana 28 Juni hadi 6 Julai, na haziruki wala hazilipuki. Lakini jiji la Los Angeles na San Francisco yamekataa hata hizo.

Mgeni_Ohio

Kaka Mlimani, nimefika Columbus Februari na watoto wawili. Nimeelewa uani siwashi. Nitajuaje mpaka wa jiji unaishia wapi, na watoto waone nini?

Mlimani_Columbus

Karibu sana. Piga 311, ndiyo namba ya huduma za jiji, wape anwani yako kamili, uwaulize kama uko ndani ya mipaka ya jiji na fataki za raia zinaruhusiwa. Ukiona uvivu kuongea Kiingereza kwenye simu, omba mkalimani wa Kiswahili. Usipige 911 kuulizia, hiyo ni ya dharura.

Kuhusu watoto, kuna onyesho la fataki la Red, White & BOOM! katikati ya jiji, kando ya mto Scioto. Hawalipi kiingilio. Sisi huwa tunakwenda mapema kwa sababu maegesho yanajaa na barabara zinafungwa jioni. Njoo na mkeka, sweta za watoto, na vya kuzibia masikio kwa yule mdogo. Nitumie ujumbe inbox nikuelekeze tunapokutania, gari langu lina nafasi nne.